Mtoto Mchanga Akiwa wa Manjano: Baba Afanye Nini?



Ndugu wasomaji, wakati wa likizo sisi waseminari wa falsafa hupelekwa parokiani kwa mazoezi ya kichungaji. Sisi wawili tulipangiwa Mbezi Luis, kando ya Barabara ya Morogoro, mahali ambapo wasafiri wengi wa mikoani wanapafahamu kwa sababu ya Stendi ya Mabasi ya Magufuli iliyofunguliwa Februari 2021. Kazi zetu zilikuwa za kawaida: kusaidia mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, kutembelea wagonjwa, na kila Jumamosi asubuhi kusali pamoja na jumuiya ndogondogo. Huko ndiko tulikojifunza jambo ambalo leo tunapenda kuwashirikisha.

Jumamosi moja, baada ya sala, wanajumuiya walikwenda kumpongeza mzazi. Kijana mmoja, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa amepata mtoto wake wa kwanza siku nne kabla. Umri wake na wetu haukupishana sana. Alitupokea kwa furaha, lakini tulipokaa alitusogelea akatuambia kwa sauti ya chini: "Mafrateri, mtoto macho yamebadilika rangi tangu jana. Bibi yake anasema tumtoe jua la asubuhi. Jirani anasema tumpe maji ya glukosi. Ninyi mmesoma, mnasemaje?"

Tulimjibu haraka haraka kwamba jua la asubuhi ni zuri, na kwamba tutamwombea mtoto. Tuliamini tumemsaidia.

Aliyetuokoa sote ni mama mmoja wa jumuiya, muuguzi mstaafu. Alimpokea mtoto, akamsogeza mlangoni penye mwanga, akabonyeza kidogo ngozi ya paji la uso na kuachia, kisha ya kifua, kisha wayo. Akamuuliza mzazi mambo matatu: mtoto ananyonya mara ngapi, amelowesha nepi ngapi tangu jana, na kadi ya kliniki inasema kundi la damu la mama ni lipi. Mtoto alikuwa analala mno, ananyonya kwa kuamshwa, na nyayo zake zilikuwa za manjano. Mama yule hakupandisha sauti. Alisema tu, "Baba, tafuta bajaji. Jua tutaliota tukirudi."

Mtoto alilazwa, akapimwa damu, akawekwa chini ya taa maalumu kwa siku tatu, akapona. Alibatizwa parokiani kabla likizo yetu haijaisha. Lakini sisi tulibaki na swali zito: je, kama mama yule asingekuwepo siku ile, na baba akafuata ushauri wetu? Kwa sababu ya swali hilo tulikaa na wataalamu, tukauliza na kusoma. Makala hii ni matunda ya kuuliza huko. Haichukui nafasi ya daktari. Nia yake ni kumwezesha baba, bibi, frateri na mwanajumuiya kujua ni wakati gani wa kuacha kila kitu na kutafuta bajaji.

Manjano ya mtoto mchanga ni nini?

Kwanza tutenganishe maneno. Homa ya manjano ni ugonjwa unaoenezwa na mbu, na huo si huu tunaouzungumzia. Manjano ya mtoto mchanga ni rangi inayoonekana kwenye macho na ngozi kwa sababu ya kitu kiitwacho bilirubini.

Mtoto akiwa tumboni ana chembe nyekundu za damu nyingi kuliko atakazohitaji duniani. Akishazaliwa, chembe hizo huvunjwa, na mabaki yake hutoa bilirubini, ambayo ina rangi ya manjano. Kwa mtu mzima, ini huishughulikia na kuitoa kupitia choo. Ini la mtoto mchanga bado halijazoea kazi hiyo, kwa hiyo bilirubini hubaki mwilini kwa siku kadhaa. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya watoto wanaozaliwa kwa wakati huonekana na manjano kidogo katika wiki ya kwanza, na walio njiti huwa nayo zaidi. Kwa kawaida huanza siku ya pili au ya tatu, huongezeka hadi kama siku ya tano, kisha hupungua yenyewe na kwisha ndani ya wiki mbili hivi.

Kama mambo yangeishia hapo, ushauri wetu wa siku ile usingekuwa na hatari. Tatizo ni kwamba kwa watoto wachache bilirubini hupanda kupita kiasi. Ikipanda sana hupenya na kuingia kwenye ubongo. Hapo mtoto huanza kulegea, kulala kupita kiasi, kukataa titi, kulia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, kukakamaa na kupinda mgongo. Anaweza kufariki. Akipona, anaweza kubaki kiziwi au mwenye ulemavu wa viungo maisha yake yote. Yote hayo yangezuilika kama angefikishwa hospitalini mapema.

Ni nani aliye katika hatari zaidi? Ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Ni mtoto asiyenyonya vizuri, maana asipopata maziwa hapati choo, na asipopata choo bilirubini haina njia ya kutokea. Ni mtoto aliyevilia damu kichwani wakati wa kuzaliwa, na mtoto mwenye maambukizi. Ni mtoto ambaye damu yake haipatani na ya mama, kwa mfano mama ana kundi O na mtoto ana kundi A au B, au mama ni Rh hasi na mtoto ni Rh chanya. Ndiyo maana muuguzi yule aliulizia kadi ya kliniki.

Kuna kundi jingine ambalo watu wa pwani na wa sehemu zote zenye malaria tunapaswa kulijua. Watoto wengine huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida zaidi katika sehemu ambazo malaria imekuwepo kwa vizazi vingi. Chembe zao za damu huvunjika kwa urahisi zikikutana na vitu fulani, na kimojawapo ni naftalini, vile vidonge vyeupe vya harufu kali tunavyoweka kabatini kufukuza nondo. Nguo na mablanketi ya mtoto mchanga, hata yale mazuri aliyoyatunza bibi kwa miaka, yasihifadhiwe na naftalini. Jambo dogo kama hili baba anaweza kulisimamia kabla mtoto hajazaliwa.

Kwa nini watu wanaliamini jua?

Hapa ndugu zetu wazee wasidharauliwe, kwa sababu wazo la jua halikutoka hewani. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward, aliyekuwa akisimamia wodi ya watoto njiti, alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto nje kwenye uwanja wa hospitali siku za jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye manjano yake yalikuwa yamefifia, isipokuwa sehemu moja ya ngozi iliyokuwa imefunikwa na pembe ya shuka. Daktari Richard Cremer na wenzake walifuatilia jambo hilo, wakagundua kwamba mwanga huibadilisha bilirubini ili mwili uweze kuitoa. Mwaka 1958 walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Taa za bluu tunazoziona leo katika wodi za watoto wachanga zilitokana na jicho la muuguzi yule.

Basi kama jua lilifanya kazi kwa Jean Ward, kwa nini lisitoshe Mbezi Luis? Kwanza, mwanga unaofanya kazi hiyo ni ule wa bluu, nao unatakiwa uangukie ngozi yote iliyo wazi kwa saa nyingi. Dakika kumi au kumi na tano za asubuhi, mtoto akiwa amevalishwa na kufunikwa, ni kidogo mno. Pili, ukimwacha uchi juani kwa saa nyingi ataungua, atapungukiwa maji au atapandwa na joto. Asubuhi ya baridi anaweza kupoteza joto la mwili. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Lagos, Nigeria, ambako watoto walitibiwa kwa jua lililochujwa kwa karatasi maalumu. Lilifanya kazi vizuri, lakini ilikuwa kwa saa nyingi kila siku, joto la mtoto likipimwa mara kwa mara na damu yake ikichunguzwa na wahudumu. Kumtoa mtoto kibarazani asubuhi ni kitu tofauti kabisa.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa: jua la nyumbani linapoteza muda. Familia ikishaamini kwamba "tunamtibu", inangoja siku moja, kisha ya pili, kisha ya tatu, na bilirubini haingoji.

Kwa nini basi akina bibi wengi wana hakika kabisa kwamba jua linaponya? Darasani, katika somo la mantiki, tunafundishwa juu ya kosa la kufikiri kwamba kwa kuwa jambo B limetokea baada ya jambo A, basi A ndilo lililosababisha B. Tulijibu swali hilo kwenye mtihani tukapata maksi, kisha tukaanguka katika kosa lilelile sebuleni kwa watu. Tazameni: watoto wengi wenye manjano hupona wenyewe ndani ya wiki mbili. Ukimtoa juani, atapona. Ukimpa maji ya glukosi, atapona. Usipofanya chochote, huyo naye atapona. Kila bibi amewaona wengi waliopona baada ya jua, na kila mmoja anasema ukweli juu ya alichokiona. Lakini mtoto mmoja ambaye hakuwa katika kundi hilo, akafariki, husemwa alikuwa na degedege au "mchango", na jua halihesabiwi kuwa lilishindwa. Hivyo dawa isiyoponya inabaki na sifa njema kizazi baada ya kizazi.

Ukweli huo hauwafanyi bibi zetu kuwa wajinga. Uzoefu wao katika kumshika mtoto, kumfundisha mama kunyonyesha na kumpa nafasi ya kupumzika ni hazina ambayo hospitali haina. Tunachosema ni kwamba jicho la nyumbani haliwezi kupima bilirubini. Kinachoipima ni kipimo cha damu au kifaa maalumu hospitalini.

Namna ya kumwangalia mtoto nyumbani

Kwenye ngozi yetu nyeusi manjano hujificha. Mtoe mtoto kwenye mwanga wa mchana, karibu na dirisha au mlango, maana taa ya chumbani hudanganya. Angalia weupe wa macho na fizi. Bonyeza ngozi kwa kidole kwa upole, uachie, na uangalie rangi inayojitokeza kabla damu haijarudi. Manjano huanzia usoni na kushuka. Yakifika viganjani na kwenye nyayo, hali imeshakuwa ya hatari.

Shirika la Afya Duniani limeorodhesha dalili za hatari ambazo zikionekana mtoto apelekwe hospitalini mara moja. Tunaziandika hapa kwa lugha ya nyumbani, na tungependa kila jumuiya izisome kwa sauti:

1. Hanyonyi vizuri au ameacha kunyonya.
2. Amepata degedege.
3. Anapumua haraka, yaani pumzi 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Hesabu dakika nzima kwa saa au simu.
4. Kifua kinabonyea sana ndani anapovuta pumzi.
5. Hajitikisi mwenyewe, amelegea.
6. Ana joto la nyuzi 37.5 au zaidi.
7. Ana baridi, joto lake liko chini ya nyuzi 35.5.
8. Ana manjano ndani ya saa 24 za kwanza, hata kama ni kidogo.
9. Viganja au nyayo ni za manjano, siku yoyote ile.

Tuongeze na kitovu: kikiwa chekundu pembeni, kikitoa usaha au harufu, aonwe pia. Kitovu kiachwe kisafi na kikavu. Majivu, mate, mafuta ya kupikia na kinyesi cha ng'ombe ni njia ya pepopunda na maambukizi mengine. Ile imani kwamba kitovu kikidondokea sehemu za siri za mtoto wa kiume hatazaa imewatesa bure wazazi wengi, kwani haina msingi.

Juu ya maji ya glukosi, jibu ni fupi. Mtoto mchanga anahitaji maziwa ya mama tu, tangu yale mazito ya mwanzo yaitwayo dang'a, hadi atimize miezi sita. Dawa akipewa, iwe imeandikwa na mhudumu wa afya. Maji ya glukosi hujaza tumbo dogo, mtoto ananyonya kidogo zaidi, na manjano huongezeka. Mtoto anyonye mara nane au zaidi kwa saa 24, usiku na mchana, na akilala mno aamshwe. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayeshiba hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku. Kuhesabu nepi ni kazi ambayo baba anaiweza kabisa.

Kwa nini tunamwambia baba?

Katika mitaa yetu, mara mtoto anapozaliwa, chumba kinakuwa cha wanawake. Baba hutoa pesa, hununua nyama ya supu, na kungoja nje. Mwaka 2011 Columba Mbekenga, mtafiti wa uuguzi wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na wenzake, walichapisha mahojiano na wanaume waliopata mtoto wa kwanza katika mtaa wa Dar es Salaam. Akina baba hao walionekana kuwajali wake na watoto wao na kutaka kuwasaidia, huku wakitegemea zaidi maneno ya ndugu na majirani kuliko maelezo ya wahudumu wa afya. Fundi wetu wa Mbezi Luis hakuwa peke yake. Alikuwa na upendo na nauli, lakini hakuwa na mtu wa kumweleza.

Na wakati huo ni wa hatari kuliko wengi tunavyodhani. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 43 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na kati ya hao 24 hufariki katika mwezi wa kwanza. Utafiti wa 2015-16 ulikuwa umeonyesha 67 na 25. Taifa limepiga hatua kubwa kwa watoto wenye miezi na miaka, kwa chanjo, vyandarua na dawa. Kwa watoto wa siku 28 za kwanza hatua ni ndogo sana. Lengo lililowekwa na mataifa ni kufikia 12 au chini ya hapo ifikapo 2030. Njia ya kwenda huko inapitia pia kwenye uamuzi wa baba kati ya saa mbili usiku na alfajiri.

Tunasema "uamuzi wa baba" kwa sababu katika nyumba nyingi yeye ndiye mwenye pesa ya usafiri na ndiye anayengojwa aseme twende. Kwa hiyo afanye nini?

Kabla mtoto hajazaliwa, amsindikize mkewe kliniki na kusoma kadi yake, hasa kundi la damu. Aweke akiba ya nauli ya dharura, isiyoguswa kwa jambo lingine. Aifahamu namba 115, isiyo na malipo, ya mfumo wa m-mama unaosafirisha kwa dharura wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kwa wale walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba likizo ya uzazi yenye malipo ya angalau siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mafundi, madereva wa bodaboda na wachuuzi wa stendi hawana likizo hiyo, ila wanaweza kupanga siku chache za kurudi mapema.

Mtoto akishazaliwa, baba ahakikishe anaonwa na mhudumu wa afya ndani ya saa 24, tena siku ya tatu, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita, na kwamba amepata chanjo za kifua kikuu na polio za mwanzo. Mama aliyeruhusiwa mapema asingoje arobaini ndipo mtoto atolewe nje. Mwiko wa kutotoka nje usiwe mwiko wa kutokwenda hospitali. Baba asimamie wageni wanawe mikono kabla ya kumshika mtoto. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kumpasha mzazi joto, maana hewa yake huua kimyakimya.

Na mtoto akiwa njiti, baba pia ana kifua. Njia ya kangaruu, ya kumweka mtoto ngozi kwa ngozi kifuani, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 na daktari Edgar Rey Sanabria. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania: watoto wenye uzito mdogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walifariki asilimia 12.0 katika siku 28, na wale ambao walisubiri kwanza hali zao zitulie walifariki asilimia 15.7. Mama akichoka, kifua cha baba nacho hutoa joto.

Je, kwanza ubatizo au kwanza hospitali?

Ndani ya bajaji, baba yule alituuliza swali lingine: "Tumbatize kwanza?" Ni swali la imani, na linastahili jibu sahihi.

Sheria ya Kanisa inawataka wazazi wambatize mtoto katika wiki za kwanza, na akiwa katika hatari ya kufa abatizwe bila kukawia. Katika dharura, mtu yeyote anaweza kubatiza, awe mlei, muuguzi, hata mtu ambaye yeye mwenyewe hajabatizwa, mradi ana nia ya kufanya kile ambacho Kanisa hufanya. Anamimina maji ya kawaida kichwani mwa mtoto huku akitamka kwamba anambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Ni vizuri awepo shahidi. Kisha paroko aarifiwe ili ubatizo uandikwe kitabuni, na mtoto akipona aletwe kanisani kwa adhimisho la sehemu zilizobaki. Habatizwi mara ya pili.

Lakini ubatizo wa dharura huchukua dakika moja. Hauhitaji kumsubiri padre, wala katekista, wala wasimamizi watoke kazini. Unaweza kufanyika njiani au wodini. Asiwepo mtoto anayecheleweshewa matibabu kwa ajili ya sala, wala anayenyimwa sala kwa ajili ya matibabu. Sisi siku ile tulitaka kuiweka sala mahali pa bajaji, na hilo lilikuwa kosa letu.

Na kwa wazazi ambao mtoto wao alifariki kabla ya kubatizwa, tuseme jambo hili wazi, maana tunajua wapo wanaosoma hapa. Kanisa linawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu anayetaka wote waokolewe, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Kitaalimungu ilieleza kwa kirefu sababu za tumaini hilo. Askofu anaweza kuruhusu mazishi ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Asiwepo mtu wa jumuiya anayekwenda msibani kumwambia mama kwamba mtoto wake amepotea.

Somo kwetu waseminari

Mtakatifu Thomas wa Akwino, anapoeleza fadhila ya busara, anaweka ndani yake wepesi wa kufundishwa. Anasema kwamba katika mambo ya matendo, ambayo sura zake ni nyingi mno, hakuna mtu anayejitosheleza. Hata msomi anahitaji kuwasikiliza wazee na wenye uzoefu. Tulikuwa tumelisoma hilo, lakini tulipoitwa "mliosoma" tukajisahau, tukatoa jibu ambapo tungepaswa kusema, "Hatujui, tumwite anayejua." Siku tukipewa daraja, watu watatuuliza mengi zaidi, na wataamini zaidi tutakachosema. Ni heri tumejifunza mapema.

Papa Fransisko, katika barua yake ya Desemba 8, 2020 juu ya Mtakatifu Yosefu, alieleza kwamba mwanamume hawi baba kwa sababu tu mtoto amezaliwa, bali kwa kuubeba wajibu wa kumtunza. Yosefu alipoonywa juu ya hatari iliyomkabili Mtoto, aliamka usiku uleule akaondoka. Hakungoja kupambazuke.

Tunapendekeza jambo moja dogo kwa jumuiya zetu. Kila jumuiya imtambue muuguzi, mkunga au mhudumu wa afya aliye miongoni mwao, na kila nyumba yenye mjamzito iwe na namba yake ya simu. Mtoto akizaliwa, wanajumuiya wanaokuja na sabuni, khanga na uji wazisome dalili zile tisa mbele ya baba, kisha ndipo wasali.

Tulipokwenda kuaga Mbezi Luis, fundi yule alikuwa kibarazani na mtoto mapajani, wakiota jua la asubuhi. Alituona tunamtazama, akacheka. "Mafrateri, hili ni la raha tu. Wiki ya sita tumeshakwenda."

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa Mkombozi, awaombee akina baba wote wanaoanza safari hii.